Tairi Kubwa, Kashata na Spesa: Uhakiki wa Msamiati wa Matairi ya Magari Madogo Yaliyoinuliwa

1. Utangulizi

Istilahi hupimwa aghalabu kwa mambo yanayoweza kuamuliwa mezani: ufupi wa neno, ulinganifu wake na sarufi, na kukubalika kwake masikioni mwa wasemaji. Makala haya yanakusudia kuongeza kipimo kimoja zaidi ambacho hutumika nje ya ofisi, nacho ni hiki: je, mtu aliyelisikia neno na kulifuata, atachagua kitu kilicho sahihi? Kipimo hiki ni kikali kuliko vingine, kwa kuwa neno laweza kuwa fupi, tamu na lenye ngeli isiyo na ubishi, na bado likampeleka mnunuzi pasipomfaa.

Uwanja tuliouchagua kwa uchunguzi huu ni msamiati wa matairi, na mahali ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mji wa Moshi uko kwenye kimo kisichofika mita 1,000 juu ya bahari, ilhali lango la Marangu la hifadhi ya mlima liko takriban mita 1,800. Baina ya vimo hivyo viwili ndipo vilipo vijiji na vihamba vya Kibosho, Uru, Machame, Kilema, Mamba na Mwika. Barabara kuu zina lami, lakini njia nyingi ziingiazo vihambani ni za udongo mwekundu wa volkano, zenye mawe na miinuko mikali, na mvua ikinyesha huteleza mno. Pili, kila Desemba, msimu ambao mara nyingi mvua za vuli hazijakwisha, familia nyingi hupanda kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same na Himo kwenda kusherehekea Krismasi nyumbani. Wengi wao huja na magari madogo yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya barabara tambarare za mijini.

Mwenye gari la namna hiyo huliona chini mno kwa njia za kwao. Basi humwendea fundi akataka liinuliwe, livishwe rimu nyingine na lifungwe matairi yafaayo. Mazungumzo hayo yote hufanyika kwa Kiswahili. Lakini maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi ni ya Kiingereza na tarakimu, na kibandiko cha kiasi cha upepo kilichoko mlangoni mwa gari mara nyingi ni cha Kijapani. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachobeba uamuzi, wakati ushahidi umeandikwa kwa lugha nyingine. Hapo ndipo mfasiri, mwalimu wa ufundi na mtumishi wa serikali wanapohitajika, na hapo ndipo tunapoona kwamba kazi yao bado ina kasoro.

Hoja yetu kwa ufupi ni kwamba mafundi wetu tayari wanayo maneno ya kutosha. Upungufu uliopo ni wa mipaka: neno moja limeachwa libebe vitu viwili au vitatu ambavyo, mlimani, tofauti yake ni tofauti ya usalama na hatari. Wajibu wa watunga istilahi katika uwanja huu ni kuyawekea mipaka maneno yaliyopo kabla ya kufikiria kuyaondoa.

2. Gurudumu, tairi na rimu

Tuanze na maneno yaliyo mepesi. Katika Kiswahili cha zamani kidogo, na hata leo kwa baadhi ya wazee, tairi huitwa "mpira wa gari", na kile cha ndani huitwa "mpira wa ndani" au "tyubu". Neno "tairi" limekwisha kukubalika, isipokuwa ngeli yake bado inayumba: wengine husema "tairi hili, matairi haya", na wengine "tairi hii, tairi hizi". Katika maandishi sanifu tunashauri umbo la kwanza lifuatwe. Mabishano zaidi juu ya jambo hili hayana faida kubwa.

Yenye uzito ni mazoea ya wafasiri kutumia "gurudumu" kwa tairi, kwa rimu, na kwa vyote viwili pamoja. Kisa chake chafahamika. Mfasiri huona kwamba "tairi" na "rimu" ni maneno ya kukopwa, naye hupendelea "gurudumu" kwa kuwa limekaa katika lugha kwa muda mrefu. Lakini gurudumu ni kitu kizima: rimu, tairi lililovalishwa juu yake, na upepo uliomo. Tairi huisha na kutupwa, lakini rimu hubaki. Rimu hupinda kwa jiwe, ilhali tairi hupasuka. Mtu akiandika "badilisha gurudumu linapochakaa", msomaji hajui kama anaambiwa anunue mpira mpya au chuma kipya.

Jambo hili limepata uzito mpya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa sheria nyingi za wakati wake. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na kazi ya kufasiri sheria zilizopo ikawa wajibu wa serikali. Katika sheria neno halichaguliwi kwa utamu wake. Kifungu kitakachozungumzia hali ya tairi hakiwezi kuandikwa kwa neno "gurudumu" bila kumpa wakili mlango wa kuuliza ni sehemu gani ya gurudumu iliyokusudiwa. Kwa mintarafu hii twasema: "gurudumu" libaki jina la kitu kizima, "tairi" liwe la mpira wa nje, na "rimu" liwe la chuma. Kwamba "rimu" pia ni fungu la karatasi hakuna taabu yoyote, maana hapana mtu aendaye kwa fundi wa magari kutafuta karatasi.

3. Udhaifu wa neno "kubwa"

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mwenye gari dogo anapomwambia fundi, "Nifungie tairi kubwa," ametamka neno moja lenye angalau maana tatu: tairi pana, tairi lenye ubavu mrefu, au tairi la rimu kubwa. Kila moja huleta matokeo tofauti, na mara nyingine matokeo yanayopingana.

Tuchukue mfano wa alama inayoonekana kwenye magari madogo mengi: 185/65R15 88H. Tarakimu ya kwanza, 185, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, si milimita. Ni uwiano: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 120 hivi. Tarakimu 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, kipenyo cha tairi zima hupata karibu milimita 621.

Mnunuzi wa kwanza akitaka "kubwa" huku akiwa na maana ya rimu, anaweza kupewa 205/45R17. Kwa macho gurudumu hilo laonekana kubwa na la kupendeza. Lakini hesabu yasema vingine: ubavu umepungua kutoka milimita 120 hadi 92, na kipenyo cha tairi zima kimeshuka hadi milimita 616 hivi. Gari halikuinuka hata kidogo, bali limeshuka. Kinga iliyokuwa baina ya rimu na jiwe imepungua kwa karibu robo, na upana umeongezeka, jambo linalofanya tairi lielee juu ya tope jembamba badala ya kulikata na kuishika ardhi iliyo chini yake. Kwa barabara ya kwenda Kidia au Kibosho wakati wa mvua, mtu huyu amenunua kinyume cha alichokihitaji, na neno lililompeleka huko ni "kubwa".

Mnunuzi wa pili akiwa na maana ya ubavu mrefu, anaweza kupewa 205/70R15. Hapa kipenyo hufika milimita 668, yaani asilimia 7.5 zaidi ya kile cha awali, na gari hupanda kwa milimita 23 hivi. Kuna faida, lakini gharama yake haitajwi. Kipima mwendo kilichokuwa sahihi sasa kinadanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 86. Injini ndogo inasukuma gurudumu refu zaidi, hivyo mlimani hulemewa na dereva hulazimika kushuka gia mapema. Breki nazo zinalizuia gurudumu lenye nusukipenyo kirefu zaidi, na wakati wa kuteremka huhitaji nguvu nyingi zaidi kwa kazi ileile. Zaidi ya hayo, usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi huweza kusugua madigadi.

Mnunuzi wa tatu, aliyeshauriwa vema, huchukua pengine 195/65R15. Kipenyo chake ni milimita 634 hivi, na tofauti ni asilimia 2 tu. Huinuka kwa milimita 6 au 7, si zaidi, lakini gari lake hubaki na tabia yake. Mafundi wengi waangalifu huweka mpaka wa asilimia 3 hivi kwa badiliko la kipenyo, na mpaka huo wafaa kufundishwa.

Alama zilizobaki nazo zina la kusema. Tarakimu 88 ni kielezo cha mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 560. Herufi H ni kikomo cha mwendo, kilomita 210 kwa saa. Kwa safari ya Desemba, ambapo gari hubeba watu watano, mizigo ya sikukuu na pengine mbuzi, kielezo cha mzigo ni muhimu kuliko kikomo cha mwendo. Hata hivyo, dukani huulizwa mara chache, kwa sababu halina jina la Kiswahili lililozoeleka. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukiulizia.

Kuhusu herufi R, kuna kosa lililoenea ambalo lina faida yake. Watu wengi husoma R15 kama "rimu 15". Tarakimu wameipata sawa, lakini herufi wameikosea, kwa maana R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani ya tairi zinapita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, badala ya kupishana kwa mshazari. Tunashauri wasemaji waachwe na "rimu 15" yao, kwani ni sahihi kuhusu rimu, lakini mfasiri wa mwongozo asije akaandika kwamba R ni kifupisho cha rimu. Aandike "tairi la radiali", na kulieleza mara moja, ili mwanafunzi ajue kwa nini tairi la radiali na tairi la mshazari hayachanganywi kwenye ekseli moja.

4. Kashata: neno zuri lenye hatari ndani yake

Miongoni mwa maneno yaliyozaliwa gereji, hakuna linaloonyesha akili ya wasemaji kuliko "kashata". Vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya uso wa tairi, vilivyokatwa kwa mistari, viliwakumbusha watu kashata ya nazi au ya karanga iliyokatwa sinia nzima kwa kisu. Hapakuwa na kamati iliyokaa. Neno lilijitokeza, likaeleweka, likadumu. Upande wake wa pili ni "kipara", jina la tairi ambalo kashata zake zimekwisha. Maneno haya mawili yanatosha kueleza maisha ya tairi toka dukani hadi jalalani, na mfasiri anayeyaacha ili aandike "sehemu ya nje ya tairi yenye michoro" hakuendeleza lugha.

Lakini neno hili nalo limeachwa bila mpaka. "Tairi la kashata" kwa msemaji wa kawaida ni lile lenye vipande vikubwa na mianya mipana. Sasa, tairi la tope na tairi la theluji yote yana vipande vya kuonekana na mianya ya wazi. Magari mengi yaliyotumika hufika kutoka Japani yakiwa na matairi ya majira ya baridi, na mengine huuzwa peke yake. Mnunuzi akiyaona husema, "Haya yana kashata, yatafaa mlimani." Ubavuni huona herufi M+S, na akiuliza huambiwa kwamba ni za tope na theluji, naye huridhika kwamba tope limo.

Ukweli ni kwamba tairi la majira ya baridi limetengenezwa kwa mpira laini unaobaki mnyumbufu wakati joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Katika joto la Same au la Moshi mchana, mpira huo hulainika kupita kiasi, huisha upesi, na gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Vipande vyake vimechanwachanwa kwa mikato myembamba ili kushika barafu. Jicho lililozoea huitambua mikato hiyo mara moja, kama litambuavyo alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Theluji ya Kilimanjaro iko Kibo, na hakuna gari linalofika huko. Kwenye vihamba hakuna theluji, bali kuna udongo mwekundu uliolowa. Aliyepanda na tairi la theluji amedanganywa na sura ya kashata.

Pendekezo letu ni jepesi: neno "kashata" libaki, lakini katika maandishi lisikae peke yake pale tofauti inapohitajika. Tuandike "kashata za tope", "kashata za lami" na "kashata za theluji". Mianya iliyo baina yao iitwe "mifereji". Neno hili linafaa zaidi ya yote kwa wakazi wa Kilimanjaro, ambao mifereji yao ya kumwagilia imekuwapo kwa vizazi vingi, nao wajua kwamba kazi ya mfereji ni kuyapa maji njia. Mfereji wa tairi huyaondoa maji na tope chini ya kashata ili mpira uguse ardhi. Ukiziba, au kina chake kikiisha, tairi huteleza.

Hapo pia tungepata njia ya kusema kwa usahihi ni lini tairi limekuwa kipara. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vilivyowekwa na mtengenezaji, vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa kashata ukilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Tuviite "alama za mchakao". Kwa njia ya tope, dereva mwenye busara hangoji kufika hapo. Lakini neno "kipara" likifungwa na alama hii, mkaguzi wa magari na mwenye gari watakuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja, wala haitakuwa tena suala la jicho la huyu dhidi ya jicho la yule.

5. Spesa na maana mbili za "kuinua gari"

Neno la tatu ni "spesa". Katika gereji zetu neno hili hutumika kwa vitu viwili visivyohusiana kikazi. Cha kwanza ni kipande kinachowekwa juu ya springi au juu ya shokapu ili bodi ya gari ipande. Cha pili ni bamba la chuma linalowekwa baina ya rimu na kitovu cha gurudumu ili gurudumu litoke nje zaidi. La kwanza huinua, la pili hutanua. La kwanza hubadilisha pembe za magurudumu na za shafti zinazoyazungusha, na baada yake gari halina budi kupimwa alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja kabla ya wakati wake. La pili huongeza mzigo kwenye beringi na kwenye boliti za gurudumu. Mtu anayeagiza "spesa" bila kufafanua anategemea bahati na uelewa wa fundi aliyemkuta siku hiyo.

Wapo watakaopendekeza maneno mapya yatokanayo na vitenzi, kama vile "kiinuzi" na "kitanuzi". Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, twaona kwamba "spesa" limekwisha kuenea mno hata mtu atumie nguvu kuling'oa, na kwamba vitambulisho viwili vifupi vyatosha: "spesa ya springi" na "spesa ya gurudumu". Utaratibu unaofahamika wa kuunda istilahi hututaka tuanze na hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kwenda kwingine. Mkopo ambao wasemaji wameutohoa na kuuzoea umekwisha kuwa sehemu ya hazina hiyo.

Kitenzi "kuinua" nacho chataka mpaka. Spesa ya springi huinua bodi, na pamoja nayo injini na gia boksi. Lakini katika magari madogo mengi yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele, ekseli ya nyuma hubaki palepale ilipokuwa, kwa maana imeshikwa na magurudumu, na kimo chake hutegemea nusukipenyo cha tairi. Kwa hiyo mwenye gari aliyeweka spesa ya inchi mbili akasema "gari langu limeinuka" anasema kweli kuhusu bodi, ilhali ekseli yake bado yaweza kugonga jiwe lilelile. Kinachoinua ekseli ni tairi peke yake, na tumekwisha kuona jinsi nafasi ya kufanya hivyo ilivyo finyu. Tunashauri wafasiri watofautishe "kuinua bodi" na "kuinua gari". La kwanza liwe kazi ya spesa, la pili liwe kazi ya tairi, na mwalimu wa ufundi afundishe kwamba mojawapo haliwezi kuchukua nafasi ya jingine.

Tena, gari lililoinuliwa bodi huwa na kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, nalo hulala zaidi kwenye kona. Ndiyo maana tairi lenye ubavu laini, likijazwa upepo mchache, huwa hatari kwake kuliko lilivyokuwa kwa gari lilelile kabla ya kuinuliwa.

6. Upepo

Fizikia ya shuleni hutumia "kanieneo", neno lililoundwa kwa kuunganisha "kani" na "eneo". Ni neno la kielimu lililo sahihi, na mahali pake ni darasani. Lakini mfasiri akiandika kwenye mwongozo wa dereva "kagua kanieneo la matairi", dereva wengi watapita bila kukagua chochote. Kwa fundi na kwa dereva, tairi hujazwa "upepo", na kiasi chake hutajwa kwa tarakimu tupu: "Weka thelathini na mbili." Tunaona "kiasi cha upepo" lafaa kabisa kwa maandishi ya umma, mradi kipimo kitajwe.

Kutaja kipimo ni muhimu kwa sababu vipimo viwili hukutana kwenye gari moja. Kibandiko cha Kijapani kikiandika 220, hiyo ni kilopaskali, nayo ni sawa na paundi 32 hivi kwa inchi ya mraba, ambacho ndicho kipimo kinachoonekana kwenye pampu zetu nyingi. Mwongozo unaotoa tarakimu bila jina la kipimo haujafasiriwa bado. Uongezwe pia usemi "tairi likiwa baridi", yaani kabla ya safari, maana upepo hupanda tairi linapopata moto. Dereva anayepima Himo, baada ya kutoka Dar es Salaam kutwa nzima, na akapunguza upepo ili alingane na kibandiko, atapanda mlimani kesho yake asubuhi akiwa na upepo pungufu.

7. Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu, tunaleta mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

Gurudumu: kitu kizima, yaani rimu pamoja na tairi lake.
Tairi (ma-): mpira wa nje peke yake.
Ubavu: upande wa tairi baina ya rimu na uso wake.
Uwiano wa ubavu: urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi.
Kipenyo cha tairi: kimo chote cha tairi, rimu na mbavu zake mbili zikijumlishwa.
Kielezo cha mzigo: tarakimu ionyeshayo uzito ambao tairi moja laweza kubeba.
Tairi la radiali: tairi ambalo nyuzi zake zinapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo.
Kashata za tope, za lami, za theluji: vipande vya uso wa tairi kwa kadiri ya kazi yake.
Mfereji (mi-): mwanya baina ya kashata.
Alama ya mchakao: kinundu kilicho ndani ya mfereji, chenye kimo cha milimita 1.6.
Kipara: tairi ambalo kashata zake zimelingana na alama ya mchakao.
Spesa ya springi. Spesa ya gurudumu: kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 5.
Kiasi cha upepo: hutajwa pamoja na kipimo chake, tairi likiwa baridi.

Neno "tairi kubwa" halimo katika orodha hii, na limeachwa kwa makusudi. Haliwezi kupigwa marufuku katika mazungumzo, wala hakuna haja. Lakini katika tangazo la zabuni, katika mtaala wa chuo cha ufundi, katika kifungu cha sheria na katika mwongozo wa dereva, halifai, kwa sababu haliamui chochote. Mtumishi anayeandaa manunuzi ya magari ya halmashauri na aandike upana, uwiano wa ubavu, kipenyo cha rimu na kielezo cha mzigo. Mwalimu naye na awatume wanafunzi wake kwenye gari lolote lililoegeshwa wakasome ubavu wa tairi na kurudi na maelezo ya Kiswahili ya kila tarakimu, ikiwemo ile ya tarakimu nne inayotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 3518 kwa wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilichoanza kutengeneza matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo soko letu linategemea matairi yatokayo nje, kila moja likiwa na maandishi ya kwao. Hatuwezi kuwaamuru watengenezaji wa mbali waandike kwa lugha yetu. Tunaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba mtu anayesimama dukani Moshi na kutaja kwa Kiswahili anachokitaka, anapewa hicho hicho. Wasomaji walioko kwenye vyuo vya ufundi na kwenye ofisi za manunuzi wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha waliandikie Baraza ni yapi yaliyoshika na ni yapi yaliyokataliwa na mafundi, pamoja na sababu zake.